Uzee wa Kupakwa

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Lau wangalifufuka leo wakazuru karakana ya seremala, wangestaajabu kumkuta akikichakaza kwa makusudi kiti alichokikamilisha jana, ili kifanane na kile alichokikalia babu yake. Siku hizi kuna wanunuzi ambao kwao kilicho kinyemi ni kikuukuu.

Kazi yenyewe haihitaji miujiza. Seremala hulainisha mbao kwa msasa, akazipaka rangi ya kwanza iliyokolea, tuseme kahawia au buluu, akaiacha ikauke kabisa. Kisha huchukua mshumaa akausugua kwenye kingo na pembe, ndipo akapaka rangi ya pili, nyeupe iliyofifia. Hii nayo ikikauka, msasa laini hupitishwa taratibu. Palipo na nta rangi ya juu haikushika, kwa hivyo hubanduka na kuifichua ya chini. Hatimaye nta ya kahawia hupakwa kwa kitambaa na kupanguswa, ikabaki ndani ya nakshi mithili ya vumbi la miaka mingi.

Ugumu u wapi, basi? U katika kujua pa kusugua. Kiti huchakaa pale mikono inaposhika na visigino vinapogusa. Mtoto wa meza huchakaa kandokando ya kishikio. Kabati halichubuki mgongoni lilikoelekea ukuta. Fundi asiyeyajua haya hukwaruza kila mahali, na kazi yake ikafanana na ajali wala si umri. Kumbe anayeuigiza uzee hana budi kwanza kuyasoma maisha ya watu na vyombo vyao.

Hata hivyo, baina ya usanii na ulaghai pana neno moja tu: lile analoambiwa mnunuzi bei inapotajwa. Muuzaji akikiri kuwa kiti ni cha mwaka huu, ameuza ustadi; akidai kuwa kilirithiwa kutoka kwa masultani, ameuza uongo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi huihesabu milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vya kulindwa. Hakuna msasa uwezao kukivusha kitu cha leo hadi ng'ambo ya mwaka huo.

Na hapa ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Anayetamani sura ya ukale akipata kazi mpya iliyozeeshwa vyema, hana haja ya kumrairai ajuza wa Lamu aung'oe mlango wa nyumba yake. Lakini uongo ukitamalaki sokoni, kila chenye ufa hugeuka mali, na walanguzi huanza kubisha hodi. Fundi msema kweli, basi, ni mlinzi wa turathi hata kama hajawahi kuigusa.

Ya kale hayanuki. Ya kupakwa nayo hayanuki, mradi yasijiite ya kale.