Misukule wa Kilosa

Kijana akiniuliza gemu gani inatisha kuliko zote, nami namuuliza: mtakuwa wangapi chumbani? Wengi huona mzee kaanza kuchanganyikiwa. Wao huzima taa, huvaa hedifoni na kufunga mlango kwa ndani, maana wanaitafuta hofu ya mtu mmoja. Sisi Kilosa, mwishoni mwa miaka ya 1990, tulitishwa kwa makundi. Mwenye pedi alikuwa mmoja, benchi zima likimwelekeza, waliosimama nyuma wakimtukana, na dirishani vimejazana vichwa vya watoto wasio na hela. Akishtuka yule mmoja, mtaa mzima unajua.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ilhali wenzetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo mtoto wa Kilosa wa umri wangu aliijua TV kama kioo cha mikanda: Rambo, Bruce Lee, picha za Kihindi. Hatukuijua kama kitu cha taarifa ya habari. Taarifa ya habari ilikuwa kazi ya Radio Tanzania na betri za tochi. Siku tulipoona mtu akibonyeza kitu mkononi na picha ya kwenye kioo ikamtii, wapo waliokwenda kuchungulia nyuma ya TV.

Mashine zile za gemu zilikuwa za Kichina, zimeigwa kutoka Famicom ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti yake iliandikwa kwamba ina michezo mamia na mamia, ukiifungua unakuta ni ileile michache inajirudia kwa majina mengine. Tulicheza vifaru, tulicheza Mario, tulipiga bata kwa bastola ya plastiki. Tukacheza Contra, ambayo Konami waliitoa kwenye mashine za sarafu mwaka 1987 na kwenye kaseti mwaka uliofuata, ikatufikia sisi wakati wenzetu wa Tokyo wameshaisahau. Leo watu hukusanya mashine hizo kwa bei kubwa na kuziita za kale. Kilosa zilizaliwa kongwe, na hatukuwa na habari. Kwetu zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia mjini.

Siri ya Contra ilikuja kwa treni. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisoma Morogoro alirudi likizo na jalada la daftari limeandikwa: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Unapewa maisha 30 badala ya matatu. Kwa likizo ile nzima hakulipia mchezo hata mmoja.

Mwenye kibanda cha gemu tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kimamba. Mkonge ulipoanguka, kazi ikaisha, kiinua mgongo akakigeuza TV ya inchi 14, mashine, na kibanda cha mabati karibu na stesheni. Aliziheshimu zile mashine kwa namna ambayo sikuiona tena kwa mtu mwingine. Kaseti ikigoma wengine walipuliza, yeye alisafisha kwa pamba na spiriti, anatuambia mate yana chumvi. Alikuwa sahihi, pumzi yenye unyevu huozesha zile shaba. Hatukumsikiliza.

Mnamo 1999 akaleta PlayStation iliyokwisha kutumika, kutoka Dar es Salaam. Ndipo misukule walipoingia Kilosa.

Resident Evil ilitolewa na Capcom mwaka 1996. Aliyeiongoza, Shinji Mikami, aliwafungia askari wachache ndani ya jumba kubwa msituni, akawapa risasi za kuhesabu. Kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa wale wanaotembea kwa kuburuta miguu ni nani. Kila mmoja alikuwa na bibi aliyemsimulia mtu aliyezikwa, akalia watu wakalia, kumbe yuko shambani kwa fulani analima usiku, kakatwa ulimi, analishwa pumba. Yule wa kwanza kwenye ile gemu, anayeinama kwenye ujia akitafuna maiti na kugeuza shingo polepole kututazama, alipoonekana mara ya kwanza mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa mlangoni aliondoka akasahau beseni. Jioni alirudi kulichukua, na akasimama kuangalia tena.

Wazungu na Wajapani walimwogopa mtu yule kwa kuwa anauma. Sisi tulimwogopa kwa sababu nyingine, tulitaka kujua ni wa nani. Ndani ya kibanda mjadala ulikuwa huo: nani kawafuga hawa? Nani mwenye jumba? Na ajabu, gemu yenyewe inauliza swali hilohilo, jibu lake ni kampuni ya dawa, Umbrella. Mtu mzima mmoja alilipokea jibu hilo kwa kichwa akasema anajua mashamba yaliyoendeshwa hivyohivyo.

Ubovu wa vifaa ulitusaidia kuogopa. PlayStation za mwanzo zilikuwa na udhaifu: jicho la kusomea sidii lilikaa kwenye reli ya plastiki, joto na matumizi vinailegeza, sidii inasomwa kwa shida. Dawa yake ilijulikana dunia nzima, unaipindua mashine miguu juu. Ya Mjomba ilifanya kazi imelala chali tangu siku ya kwanza niliyoiona. Sasa, kwenye Resident Evil kila unapopita mlango unaonyeshwa mlango peke yake kwenye giza, unafunguka taratibu. Waliutengeneza hivyo ili mashine ipate muda wa kusoma chumba kinachofuata. Kwa jicho bovu la Mjomba, mlango ule ulifunguka nusu ukasimama. Hapo kibanda kilinyamaza kabisa. Tunasikia sidii inakwaruza, tunasikia treni ya mizigo inapangwa stesheni, na hakuna anayejua nyuma ya mlango kuna nini. Nimecheza gemu nyingi tangu wakati huo, na sijaona mtengenezaji aliyewahi kuthubutu kumsubirisha mchezaji kiasi kile.

Halafu kuna taipureta. Ili uhifadhi ulipofika ilibidi uikute taipureta na uwe na utepe wa wino, na tepe zilikuwa chache. Vijana wa nchi nyingine labda waliona mapambo tu. Sisi taipureta tuliijua: ilikaa barazani karibu na mahakama, na karani wake aliandika hati za viwanja na barua za kuomba kazi. Kuiona katikati ya jumba la misukule ilikuwa faraja kubwa, kwamba hata huku kuna mtu wa kukuandikia. Tatizo lilikuwa memori kadi. Mtaa mzima ulikuwa na moja, yenye nafasi 15, na ugomvi wa nani kafuta ya nani ulivunja urafiki ambao haujapona mpaka leo.

Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha, na baadhi ya sidii za kunakili zilikuwa za Kijapani kabisa. Kwa hiyo akazuka msimulizi. Wakati ule mikanda ya Lufufu, aliyekuwa akitafsiri sinema za nje kwa Kiswahili chenye mbwembwe, ilikuwa ikizunguka kwenye mabanda ya video, na kijana mmoja wa kwetu alijifunza kwake. Alikaa kwenye ndoo pembeni ya TV na kuwapa wale askari wa Marekani ukoo, madeni na wake wa pembeni. Steringi akifungua droo akakuta karatasi, msimulizi anaisoma bila kuisoma: barua kutoka kwa shemeji yake, anadai mahari. Hadithi halisi ya gemu ile niliijua miaka mingi baadaye, na ya msimulizi wetu ilikuwa bora.

Silent Hill ndiyo iliyomshinda. Ilitoka 1999, ya Konami, mji uliojaa ukungu, baba anamtafuta binti yake. Ule ukungu nao ulitokana na shida: PlayStation haikuwa na nguvu ya kuchora barabara nzima hadi mbali, wakaficha upungufu kwa kuufunika mji. Mfukoni una redio, na kitu kibaya kikisogea redio inaanza kukwaruza. Watu tuliokuwa tukitafuta stesheni usiku kwenye masafa mafupi tuliijua sauti ile, ndiyo maana ilitukera hadi mifupani. Lakini kwenye shule ya mji ule kuna piano na shairi la ndege, na usipolifumbua shairi huendi popote. Wiki zikapita. Jioni moja mwalimu wa Kiingereza wa sekondari alikuja kuwafukuza wanafunzi wake, fimbo kwapani. Akaliona shairi kwenye kioo, akalisoma, akaomba lirudishwe. Kisha akaanza kutueleza, kwa sauti ileile ya darasani, kwamba ndege weupe na weusi ni vibao vya piano, na kwamba wanaotakiwa kuguswa ni wale wasiotoa sauti. Fumbo lilipofumbuka alipigiwa makofi ambayo sidhani aliwahi kuyapata darasani. Aliwachapa hata hivyo.

Desemba 2000 ilikatisha haya yote. Tarehe 8 mwezi ule, Rudewa Mbuyuni, kaskazini ya mji kwenye barabara ya Dumila, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wengi wetu tulikuwa na mtu upande ule, au tulisoma na mtu wa kule. Mjini wazazi walianza kuita watoto ndani kabla ya magharibi. Kibanda kilifungwa siku kadhaa, na kilipofunguliwa Mjomba alikuwa ameweka mpira tu, Winning Eleven, asubuhi hadi jioni. Sidii za kutisha zilikuwa ndani ya boksi chini ya meza, zinaonekana. Kijana mmoja alipoomba Silent Hill, Mjomba hakumkaripia. Alimuuliza, "Una hamu gani nayo leo?" Kijana hakuwa na jibu, akachukua pedi akacheza mpira. Naamini Mjomba alielewa kitu ambacho wanaoandika kuhusu gemu hizi hukipita haraka: hofu ya kununua ina maana pale tu ambapo usiku wako mwenyewe umetulia. Misukule walirudi kwenye kioo baada ya miezi, bila msimulizi. Alikuwa amekwenda Dar kutafuta maisha.

Kibanda chenyewe kilimalizwa na maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia mjini, ukang'oa reli kuelekea Dodoma, maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Nilipokwenda kumpa pole Mjomba alinionyesha PlayStation imejaa tope, imelala chali.

Mwaka 2019 Capcom walitengeneza upya Resident Evil ya pili. Wapwa zangu waliinunua, wakanikaribisha kwa heshima zote, wakanipa kiti cha mbele. Inapendeza mno. Kila tone la mvua linaonekana, misukule wanameguka nyama kwa nyama, milango inafunguka mara moja. Niliicheza mpaka mwisho, na usiku nililala vizuri. Siilaumu. Imeonyesha kila kitu, mimi nilizoea kuachiwa nafasi ya kubuni, na kelele za watu wa kubuni nao.

Mikumi, nako nilikocheza gemu hizi, nimeiacha mpaka hapa kwa kuwa ilikuwa dunia nyingine. Toka Kilosa ni zaidi ya kilomita 70, na wakati ule ulipita Ulaya, ile ya kwetu, kwenye vumbi. Ipo pia reli ya tawi inayokwenda Kidatu, lakini sisi tulidandia malori. Nilihamia huko 2001 kwa dada yangu, ambaye mumewe alikuwa akiziba pancha kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Kilosa gemu zilikuja na wanafunzi, Mikumi zilikuja na madereva, na kibanda kilichokuwa jirani na shemeji kilifunguliwa hadi usiku mwingi kwa ajili yao. Humo niliikuta Resident Evil ya tatu, ya 1999, yenye Nemesis, lile jitu lenye koti ambalo halikai kwenye chumba chake. Ukikimbia linafuata, ukifunga mlango linaufungua.

Vijana wa Mikumi walikuwa wagumu kutishika. Tembo huingia mitaani kwao, fisi wanacheka nyuma ya choo. Hifadhi ya Mikumi ilitangazwa 1964 na barabara kuu inaikata kwa kilomita 50 hivi, kwa hiyo mtu wa pale hana haja ya kulipa ili amwone mnyama. Mbwa wanaovunja madirisha kwenye ile gemu ya kwanza, ambao Kilosa walimwangusha mtu kutoka kwenye benchi, hapa walichekwa kwa wembamba wao.

Usiku mmoja aliingia dereva mtu mzima, anakwenda Tunduma, wakati shemeji anamshughulikia tairi. Alitusimulia alivyoharibikiwa katikati ya hifadhi, akabadilisha tairi huku simba wamelala kwenye lami, jeki inalia, na utingo wake kajifungia ndani ya kichwa cha lori. Tukampa pedi tukiamini tumempata bingwa. Nemesis akamtokea mlangoni pa kituo cha polisi. Dereva akakimbia, akaingia ndani, akafunga, akashusha pumzi. Baada ya kitambo jitu likaingia kupitia dirishani. Dereva akaweka pedi mezani.

"Mzee, si simba wale walikuwa hai kabisa?" nikamuuliza.

"Simba ana shughuli zake," akasema. "Akishiba analala, ana watoto, ana mambo mengi. Huyu hana shughuli nyingine duniani zaidi yangu." Akatoa sarafu nyingine mfukoni. "Niwekee mpira."