Gurudumu la Kimo Changu

Mwaka jana nilimwendea fundi mmoja wa baiskeli hapa Kibuli, chini ya kilima cha msikiti, nikamwomba tuunde baiskeli ya kale, ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Waingereza waliipa jina la sarafu zao mbili, peni na robo peni. Sisi tuliowahi kutumia fedha za Afrika ya Mashariki twaweza kuiona vyema: weka senti kumi kando ya senti moja, zote zikiwa na tundu katikati mfano wa kitovu cha gurudumu.

Rimu ya kipimo kile hatukuipata dukani. Fundi akakunja bomba la chuma, akachonga njiti moja moja, akatia beringi za pikipiki. Nyuma tukafunga gurudumu la baiskeli ya mtoto.

"Mwalimu, mnyororo uko wapi?" akauliza kijana wake.

Haukuwapo. Kanyagio hufungwa kwenye kitovu cha mbele, hivyo mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Atakaye mwendo hana budi kulikuza gurudumu, na mwisho wa kulikuza ni urefu wa mguu wake. Langu lilikuwa na kipenyo cha mita 1.2, kila mzunguko nilikwenda kama mita 3.8. Baiskeli ya mnyororo yenye gurudumu la sentimita 66, na meno 44 mbele na 20 nyuma, huenda zaidi ya mita 4.5.

Siku ya kwanza kijiwe kilinirusha kifudifudi, kwani mwendeshaji hukaa karibu juu ya ekseli. Mkono ukateguka. Lakini kilichoniuma zaidi ni mjukuu wangu aliyejaribu kupanda, akasema, "Babu, miguu yangu haifiki." Kiti hakikuwa na pa kushushwa. Chombo kile kilipimwa kwa mguu wangu, wala hakiazimiki.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana ukubwa na mnyororo nyuma. Tangu hapo baiskeli moja ikaweza kutumiwa na nyumba nzima, wake kwa waume.

Nami nikawakumbuka wanafunzi wangu wa Kampala. Walikuja na Luganda kinywani, nikawapandisha juu ya Kiswahili nilichokizoea tangu utoto. Waliposhindwa kufika, niliwaita wavivu. Ni masomo mangapi, ndugu walimu, tumeyaunda kwa kimo chetu wenyewe?