Njegere za Vijiti

Nyuma ya jiko letu, Lushoto, palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi hatua kumi, na hapo mama alipanda njegere. Mashamba yalikuwa bondeni. Hapa palikuwa bustani, mali ya jiko.

Zilikuwa njegere ndefu, zinazotambaa. Miche ikifika kimo cha kiganja, mama alitutuma tukakate vijiti vyenye matawi, akavichomeka kando ya mistari, na vile vikono vyembamba kama nyuzi vikavishika. Zilipotoa maua zilikuwa zimempita mama kimo. Hazikukomaa kwa pamoja. Maganda ya chini yalijaa wakati huko juu bado ni maua, basi mama alichuma kisahani leo, kingine keshokutwa, na nyumba ikala njegere kwa karibu mwezi mzima. Hakuchuma kabla ya kukuna nazi, zile zilizopandishwa milimani kutoka pwani. Alijua kwa ulimi wake kwamba njegere ikilala kikapuni utamu unakwisha, na ni kweli: ikishachumwa tu, sukari yake huanza kugeuka wanga.

Msimu ulipokwisha hakung'oa mashina. Aliyakata usawa wa udongo, mizizi ikabaki chini na vinundu vyake, vile ambavyo ukikipasua kimoja ndani ni chekundu. Humo wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mmea. Mama alisema tu, "Mwanangu, acha, kabichi itakula." Na kabichi ya hapo ilikuwa kubwa kuliko ya bondeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madalali wa mboga waliongezeka kijijini kwetu. Lori likishuka Mombo kuelekea Dar es Salaam haliwezi kungoja visahani; linataka magunia, tena siku moja. Ndipo zikaja mbegu za kopo, njegere fupi zisizohitaji vijiti, ambazo hukomaa karibu zote kwa mpigo. Zilianzia bondeni, baadaye zikapanda hadi nyuma ya jiko. Sitazisingizia. Zilikuwa tamu kuliko zetu, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Ila nyumbani tulishiba njegere kwa siku kumi, kisha basi, mpaka msimu mwingine.

Nilikuwa kidato cha nne mwalimu alipotufundisha habari za Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri huko Brno kuanzia 1856. Alichanganya ndefu na fupi. Kizazi cha kwanza kikatoka kirefu chote, cha pili kikatoa ndefu 787 na fupi 277. Akachanganya pia mbegu za mviringo na zenye makunyanzi. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa naona kibuyu cha mama, chenye mbegu za mviringo zilizochanganywa na majivu, na pembeni yake lile kopo lenye mbegu za makunyanzi. Nilielewa pia utamu ulikotoka: mbegu ya makunyanzi ndiyo yenye sukari nyingi.

Nilipofunga shule nikaenda kukitazama kile kibuyu. Kilikuwa na chumvi.

Miaka ya Dar es Salaam nilijaribu kupanda njegere uani, mara mbili. Ziliota vizuri, zikachanua, kisha joto likadondosha maua yote. Njegere ni mtoto wa baridi. Niliumia kuliko nilivyotarajia, nikaacha.

Niliporudi kuishi Lushoto nilianza kuulizia mbegu ndefu. Dukani hawakuzijua. Hatimaye mama mdogo, anayeishi juu upande wa Mtae, alinifungulia fundo la kitambaa: mbegu za mviringo, ngumu, hazijai kiganja. Nilipanda thelathini. Ubwiri unga ulizishika majani ya chini mvua zilipopungua, lakini zikaendelea kupanda vijiti.

Mama sasa hatembei mbali. Asubuhi moja alijikongoja hadi mlango wa nyuma, akasimama akizitazama kwa muda, akanyoosha mkono akaligusa ganda lililojaa. Nilikuwa nimeshika sahani, tayari kuchuma.

"Nazi umeshaikuna?" akaniuliza.

Nikaiweka sahani chini, nikarudi jikoni.