Kisukari cha Mimba: Sahani Moja kwa Nyumba Nzima

Katika mitaa yetu ya Bukavu, mtoto anayezaliwa mkubwa hupokewa kwa vigelegele. Majirani humsifu mama yake kwamba alikula vizuri, na mtoto hupata jina la utani kabla ya kubatizwa. Nasi tulisifiwa hivyo mtoto wetu wa pili alipozaliwa na gramu 4,300. Miaka minne baadaye, mimba ya tatu ilipofika wiki ya 27, mkunga alifungua daftari la kliniki, akasoma uzito ule, akasema: «Mama, huyu mtoto alikuja na ujumbe. Kabla hatujaendelea, tupime sukari.»

Sisi tunaowaandikia ni mume na mke. Mmoja wetu alibeba mimba, mwingine hakuibeba. Hata hivyo habari hii hatuwezi kuisimulia kwa neno «mimi», na sababu yake ndiyo fundisho tunalotaka kuwaachia.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Mama hufika asubuhi bila kula, hutolewa damu, hunywa maji yaliyochanganywa na gramu 75 za glukozi, kisha hupimwa tena baada ya saa mbili. Kwa mwanamke mwenye mimba, Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka mwaka 2013: sukari ikifika miligramu 92 kwa desilita kabla ya kula, au 153 saa mbili baada ya kinywaji kile, mama ana kisukari cha mimba. Sisi tulipata 104 na 171.

Tulirudi nyumbani bila kusemezana njia nzima. Kila mmoja alikuwa akimkumbuka shangazi yetu, ambaye zamani alizaa mtoto mkubwa kuliko wote katika ukoo, mtoto aliyekwama mabegani na kufariki kabla ya kulia. Ukoo ulimtafuta mchawi kwa miaka. Hakuna aliyewahi kumpima shangazi sukari.

Juma lililofuata, mkunga alitufafanulia kwa utulivu. Kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama. Kongosho la mama likishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari hupanda katika damu. Sukari hiyo huvuka kondo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Basi kongosho changa la mtoto hutengeneza insulini nyingi, nayo humnenepesha mwili na mabega. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma ghafla huku insulini ya mtoto ikiwa bado nyingi. Ndiyo maana mtoto aliyeonekana mwenye afya kuliko wenzake huweza kulegea saa chache baada ya kuzaliwa kwa kupungukiwa sukari. Tulielewa kwamba ukubwa tuliokuwa tukiushangilia ulikuwa pia alama ya hatari.

Habari ilipotoka nje, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kuna waliosema ni laana ya upande wa mke. Kuna waliosema ni ugonjwa wa matajiri, na sisi si matajiri. Wengine walimlaumu mama kwa kupenda vitu vitamu. Maneno hayo yalimchosha mwenye mimba kuliko ugonjwa wenyewe, maana yote yalimwekea hatia ya jambo ambalo hakulichagua. Mwenzake aliamua kuwajibu wageni mlangoni kwa sentensi moja: «Ni kondo la nyuma, si laana.» Aliirudia mpaka mtaa ukaizoea.

Kazi kubwa ilikuwa jikoni. Mkunga hakutuandikia vyakula vya Ulaya. Alituuliza tunakula nini. Tulimtajia ugali wa muhogo, tunaouita bugali, pamoja na sombe, lengalenga, maharagwe na sambaza wa ziwa letu la Kivu. Akasema: «Vyote vyema. Tutabadilisha vipimo tu.» Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharagwe au samaki, robo iliyobaki iwe bugali, kiasi cha ngumi ya mama mwenyewe. Chai iwe bila sukari, na mandazi ya asubuhi yaachwe pamoja na soda za sherehe. Mama asikae na njaa, bali ale kidogo kidogo mara nyingi zaidi, na baada ya mlo atembee kwa utaratibu. Katika mji wenye milima kama wetu, mazoezi hayahitaji kutafutwa.

Siku za kwanza tulipika vyungu viwili, kimoja cha mama na kimoja cha wengine. Mama alikula sahani yake pembeni, akisikia harufu ya mandazi ya watoto. Bibi yao, mama mkwe wake, alipoiona ile ngumi ya bugali alishtuka. Akamwita mwanawe kando: «Mwanangu, tangu lini mwanamke mwenye mimba hunyimwa chakula katika nyumba yetu? Yeye anakula kwa ajili ya watu wawili!» Hakusema hivyo kwa ubaya. Alikuwa amezaa na kulea nyakati za njaa, na kwake upendo ulipimwa kwa ujazo wa sahani. Hatukubishana naye. Siku ya kliniki tulimwomba atusindikize, na mkunga akamweleza yote kama mkubwa anavyoelezwa, kwa heshima na bila haraka. Jioni ile bibi aliviondoa vyungu viwili, akapika kimoja. «Kama chakula hiki ni kizuri kwa mtoto aliye tumboni,» alisema, «ni kizuri kwetu sote.» Tangu siku hiyo sote tulikula sahani ya aina moja, na mama hakukaa tena pembeni.

Vijana wa mtaa pia walikuwa na sehemu yao. Vibanzi vya kupimia damu ya kidole vilikuwa ghali, hata ikabidi mkunga atupangie siku maalum za kupima badala ya kupima kila siku. Jumuiya yetu ilichangia kadiri ilivyoweza. Lakini msaada tusioweza kuusahau ni wa msichana mmoja wa sekondari ambaye, kila jioni baada ya masomo, alipandisha bidoni la maji la lita 20 mpaka mlangoni petu bila kuombwa, ili mama apate nafasi ya kupumzika na kupika.

Baada ya majuma manne, sukari ya baada ya mlo ilikuwa imeshuka chini ya 120 tuliyoagizwa, ila ile ya asubuhi ilikataa kushuka chini ya 95. Daktari akaongeza insulini kidogo ya kuchoma usiku. Hapo hofu ilirudi. Watu walitwambia kwamba anayeanza sindano haachi tena, na kwamba dawa itamdhuru mtoto. Daktari alitukumbusha kwamba insulini haivuki kondo, na kwamba dawa hii ina historia ndefu. Iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, na Januari 1922 alichomwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa kwa kisukari, akaishi. Kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, chupa ya insulini tuliihifadhi katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na katikati yao mchanga wenye unyevu. Mume alijifunza kupima dozi, na usiku wakati mwingine yeye ndiye aliyechoma.

Mtu mmoja alitushauri tuache sindano, mama afunge siku tatu bila kula wala kunywa. Tulimshukuru, lakini hatukumfuata. Kanisa halimlazimishi kufunga mgonjwa wala mama mwenye mimba, na kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinataka tabibu aheshimiwe. Tulisali kila usiku, kisha tukachoma sindano, na hatukuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Mtoto alizaliwa katika wiki ya 39, akiwa na gramu 3,400. Aliwekwa kifuani na kunyonya ndani ya saa ya kwanza, na wauguzi wakampima sukari kwenye kisigino mara kadhaa. Ilikuwa sawa. Insulini iliachwa siku ileile. Juma la sita mama alirudia kipimo cha gramu 75, nacho kikawa kizuri. Hata hivyo tuliambiwa wazi kwamba mwanamke aliyepata kisukari cha mimba huweza kupata kisukari cha kudumu baadaye, kwa hiyo hupaswa kupimwa tena angalau kila miaka mitatu. Kunyonyesha, kutembea na kula kwa kipimo hupunguza hatari hiyo. Ndiyo maana chungu kimoja kimebaki jikoni kwetu hadi leo.

Vijana wapendwa, wengi wenu mtakuwa wazazi, na tayari ninyi ni kaka na dada wa wanawake wenye mimba. Kisukari hiki mara nyingi hakina maumivu, hakionekani kwa macho, na bila kipimo hakijulikani. Mwenye mimba hawezi kukibeba peke yake ikiwa wanaokaa naye mezani wanakula, wanasema na wanaamini mambo yanayompinga. Damu ni yake, lakini sukari iliyo katika damu hiyo hutegemea pia tunachopika, maji tunayochota na maneno tunayomwambia.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika nyumba yenu, ni nani huchota maji na kupika mama anapokuwa na mimba?

2. Mkisikia mtu akiita ugonjwa wa mama mjamzito laana, mtamjibu nini?

3. Je, mnamjua mama aliyezaa mtoto wa kilo nne au zaidi na sasa ana mimba tena? Nani atamsindikiza kliniki juma hili?