Abiria wa Sturgis

Kutembea kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga. Mimi nilitembea hadi Marekani nikaona pikipiki. Najua msomaji atacheka, maadamu mtu wa Busia hahitaji kuvuka bahari ili kuona chombo hicho. Ni kwetu mpakani ambako neno bodaboda lilizaliwa, enzi za vijana wa baiskeli waliovusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka wa 2008, alichukua mkopo akanunua yake, na pikipiki hiyo ndiyo iliyonilipia karo ya chuo kikuu. Kila muhula ulipoanza alinibeba hadi kituo cha basi. Nami, kwa aibu ninayoikiri leo kwa mara ya kwanza, nilimwomba anishushe mbali kidogo, wenzangu wa chuoni wasituone. Alinishusha bila kuuliza.

Mnamo Agosti 2015 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika jimbo la Iowa, nikifundisha Kiswahili cha mwanzo. Katika darasa langu alikuwemo mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa kujitolea wa Peace Corps huku Magharibi ya Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina harufu ya Kakamega. Huyo ndiye aliyenialika Sturgis.

Sturgis ni mji wa watu takriban 7,000 katika jimbo la South Dakota. Tangu klabu ya Jackpine Gypsies ilipoandaa mashindano ya kwanza mwaka wa 1938, waendeshaji pikipiki humiminika huko mwezi wa Agosti. Mwaka huo yalikuwa makutano ya 75, na waliohudhuria walikadiriwa kupita 700,000.

Tulilala Sioux Falls, na alfajiri tukaishika barabara kuu ya 90, mzee usukanini mwa Harley-Davidson yake, mimi nyuma. Mbele yetu zilikuwa kilomita zipatazo 600. Tulipouvuka mto Missouri pale Chamberlain, mashamba yalianza kupungua, nyasi zikatawala hadi upeo wa macho. Mabango ya duka la Wall Drug yalituahidi maji ya barafu ya bure, bango baada ya bango, hata nikapata kiu nisiyokuwa nayo. Tulipofika tuliyanywa. Hapo nikamweleza mzee kwamba jina pikipiki ni tanakali ya mlio wake. Akakitazama chombo chake, akatikisa kichwa.

"Hii haisemi piki piki, Mwalimu. Hii inaguna."

Barabara ya katikati ya Sturgis ilijaa pikipiki pande zote mbili na katikati pia. Wazee wa ndevu nyeupe na fulana za ngozi walipita polepole, wengi bila helmeti, kwani sheria ya jimbo hilo haimlazimishi aliyetimiza miaka 18. Lakini lililonipiga bumbuwazi ni jingine: hapakuwa na aliyebeba gunia la makaa, wala kreti ya soda, wala mama mjamzito. Watu walikuwa wamesafiri mamia ya maili ili wakalie kwa starehe kile ambacho kaka yangu hukikalia ili tule.

Jioni, mezani na rafiki zake, mzee alinisifu kwamba sikumyumbisha hata konani. Nani alinifundisha kukaa vile?

"Kaka yangu," nikasema. "Ni mwanabodaboda."

Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, nimewahi kuwaandikia wanafunzi ubaoni, lakini kabla ya jioni ile sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya wageni. Wale wazee waliacha kula. Anaendesha kila siku? Hata mvua ikinyesha? Na barabara ya vumbi? Nilijibu hadi chakula kikapoa.

Kisha nikampigia simu. Saa mbili usiku ya Sturgis ni saa kumi na moja alfajiri ya Busia. Nilimkuta akipangusa kiti.

"Laki saba?" akashangaa. "Na abiria wao?"

"Hawana. Wachache tu kama mimi."

Akanyamaza kidogo. "Sasa hao wanaishije, mdogo wangu?"

Sijajibu, akasema ana mteja wa hospitali. Kabla ya simu kukatika niliisikia ikiwaka: piki, piki, piki.