Mwenye Chombo Ni Mgeni

Siyu, kisiwani Pate, haifikiki maji yakiwa yamekupwa. Hori linaloingia hadi karibu na ngome hugeuka tope, mizizi ya mikoko ikabaki wazi, na chombo kilichochelewa hupwelewa pale pale mpaka bahari irudi. Kwa hiyo mashua hutia nanga nje na kungoja. Kila siku maji hujaa yakiwa yamechelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua hupanda na kushuka mita 3 au zaidi, siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Nahodha anayejua kazi yake hutazama mwezi kabla ya kutazama saa.

Watu wa nchi kavu wakiona tanga likipita baina ya visiwa husema, yule amekuwa huru. Visiwa vya Lamu vimenionyesha kinyume chake. Sijaona anayetegemea wenzake kama msafiri wa tanga.

Utegemezi huo huanza na upepo. Nilisafiri wakati wa kaskazi, unaovuma takriban Desemba hadi Machi, na kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda Kiwayu ni kuukabili uso kwa uso. Siku nzima ni kubisha, huku na huku, mabaharia wawili wamekaa juu ya ubao uliotokezwa upande wa joshi ili mashua isilale, mwingine akihamisha mifuko ya mchanga kila tunapogeuka. Ukikaa pasipo pako, chombo kizima kinajua. Na mkikasirikiana hakuna pa kwenda kununa: jiko la makaa ni moja, sinia ni moja, na usiku mnalala bega kwa bega juu ya mbao zile zile. Nimewaona watu wazima wakimaliza ugomvi kabla wali haujaiva, bila msuluhishi, kwa kuwa kuubeba ni kazi nzito kuliko kuuacha. Nyumbani, kwenye vyumba na milango, tunaweza kununiana mwezi.

Lakini kilichonifunza zaidi ni maji ya kunywa. Samaki utampata, ukiwa na mshipi na subira: changu, tasi, na huko nje ya miamba kolekole. Maji matamu hayavuliwi. Mitungi ikikaribia kwisha, hata nahodha mwenye sifa Amu nzima hushuka pwani, akavua kofia ya ubaharia, akawa mtu wa kubisha hodi.

Ukitaka kujua maji ni nini katika visiwa hivi, ingia Takwa, ng'ambo ya Amu, kisiwani Manda. Msikiti wa mawe ungali umesimama, na kaburi lenye mnara, na kuta za nyumba zilizomezwa na miti. Watu walihama karne ya 17, na husemwa kwamba sababu mojawapo ni visima vyao kuingia chumvi. Wakavuka wakakaa Shela. Mji mzima, wenye msikiti wa Ijumaa na ukuta wa kuuzunguka, ulishindwa na kitu ambacho sisi humwaga tukisukutua kinywa. Hadi leo watu wa Shela huenda kuomba dua kwenye kaburi lile, dua ya mvua. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na sikuweza kuwaza jambo jingine.

Kisiwani Pate, upande wa Kizingitini na Faza, watu walijenga majabia, mabirika makubwa ya kuhifadhi mvua. Masika yakiwa mazuri, jabia hunywesha watu miezi mingi. Yakikosekana, hesabu hubadilika. Sasa fikiria chombo cha wageni kinatia nanga mwisho wa kaskazi, jua limekausha kila kitu, na wao wanaomba kujaziwa mitungi. Bibi mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mwatoka wapi, wanangu?"

"Amu, mama."

"Na mwarudi lini?"

Nahodha akamweleza. Bibi akatukubalia mitungi miwili, si minne, na bei hakuitaja. Alitaka tumpelekee kifurushi kwa bintiye aliyeolewa Amu, na kurudi na dawa yake ya presha. Hayo ndiyo malipo, na nahodha aliyachukua kwa uzito kuliko fedha, maana angesahau dawa ile asingekuwa na uso wa kurudi katika pwani hiyo.

Wasimulizi wa Amu wana kisa cha waliokuja bila mwenyeji. Katika vita vya Shela, miaka ya 1810, jeshi la Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, lilishuka ufukweni kuivamia Amu, likashindwa, na lilipokimbilia vyombo vyake likakuta vimepwelewa. Waliuawa mchangani wakiwa wanayaona matanga yao. Mimi naona hawakuponzwa na maji tu. Walifika mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuwaambia maji yanatoka saa ngapi.

Nimerejea Mombasa na jambo hili la kuomba maji halinipi raha. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka mbali: mengine chemchemi za Mzima huko Tsavo, mengine Baricho kando ya mto Sabaki. Maisha yangu yote nimeyanywa bila kumuuliza yeyote kama yanamtosha. Bomba limenifichia wenyeji wangu. Deni ni lile lile la mwenye mashua, ila yeye hulazimika kushuka na kulitamka kwa kinywa chake, mbele ya mtu anayemtazama.

Mtaani kwetu bomba likikauka huja kijana na mkokoteni wa mitungi. Zamani nilimpa pesa tu nikafunga mlango. Siku hizi humuuliza alivyoamka, na maji amechota wapi. Juzi aliniambia kisima alichokizoea kimeanza kuwa na chumvi, wateja wanalalamika, na sasa anasukuma mkokoteni mpaka mtaa wa tatu.