Ng'ombe wa Baba, Mahari ya Binti

Tumezoea kuzungumza hina na nguo za harusi, leo tuvumilieni tuingie maktaba.

Mwenzetu wa chumba kimoja pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni Msukuma wa Shinyanga. Alipoposwa na kijana Muislamu mwenye duara la dhahabu Geita, baba yake alitaja ng'ombe. Sisi wa Unguja tukaja juu: mahari ni haki ya mwanamke, Suratun-Nisaa aya ya 4 iko wazi! Akatujibu taratibu, "Mnamsema baba yangu kama vile ananiuza." Tukaona haya. Hata hatukujua hao ng'ombe ni wa nini.

Ndiyo tukaenda kwenye makusanyo ya East Africana, maktabani. (Jengo jipya lilifunguliwa 2018, na sisi tulikuwa tunalitumia kuchaji simu.) Tukatafuta kitabu cha sheria na mila za Wasukuma cha Hans Cory, kilichotoka 1953. Cory alizaliwa Austria, akawa mtafiti wa mila wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na makaratasi yake yamehifadhiwa chuoni hapohapo. Kitabu ni cha Kiingereza. Tulisoma kwa zamu, mwenzetu akitusahihisha kila neno la Kisukuma tulilolivunja.

Kumbe ng'ombe wa mahari si wa baba kula peke yake. Ndugu wana mgao wao, na kaka huweza kuolea haohao. Na ndoa isiyotolewa ng'ombe, watoto walihesabiwa wa upande wa mama. Kwa hiyo mzee alipowataja, alikuwa anazungumzia wajukuu watakaa ukoo gani, sisi tukasikia bei.

Ila kuna jambo lilitukera. Sauti tuliyoisikia humo ni ya watemi na wazee wa kiume. Mabibi je? Mwenzetu akatoka nje, akampigia bibi yake Shinyanga: "Mwangaluka bibi! Katika ng'ombe waliotolewa kwako, wewe ulipata nini?" Bibi akacheka sana. "Nilipata kuamka alfajiri kukamua wa mume wangu." Halafu akanyamaza, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

Baba alipokuja Dar, binti alimweleza mwenyewe, kwa adabu, akianza na mila yake kabla ya dini yetu. Shekhe naye akasema mkwe akipenda kuwatunza wakwe ng'ombe ni hiari yake, lakini kilichotajwa kuwa mahari ni cha bibi harusi, asikiguse mtu. Mzee akauliza swali moja tu: wajukuu wataitwa jina la nani? Akajibiwa, akaridhika.

Ng'ombe wakaenda Shinyanga kama zawadi. Mahari ikawa dhahabu ya Geita, akakabidhiwa mkononi mwake siku ya nikaha, mama yake akishuhudia.

Maneno ya bibi tumeyaandika kwenye daftari la kurasa tisini na sita. Tumefika ukurasa wa kumi na moja, na Ijumaa tunampigia tena.